Ramani Iliyochemshwa

Mwenze alikuwa na namna yake ya kutema mate. Hakutema kama mtu mwenye kikohozi, wala kama walevi wa lutuku. Alitema kwa madaha, upande wa kushoto, kila asubuhi aliposimama kwenye njia ya reli akingoja mabehewa ya makaa ya mawe yapite ndipo avuke kwenda kazini. Akishatema alitoa leso nyeupe ya kitani, akapangusa midomo taratibu, akasema kwa sauti ili wenzake wasikie: "Uchafu ya bantu ya makala." Makala kwao ni makaa. Mtu asiyemjua angedhani alizaliwa juu ya kitanda cha shaba na kuogeshwa kwa maziwa. Lo! Alizaliwa Kasungwe, kule kaskazini kwenye mgodi wa makaa, mahali ambapo kuku mweupe huwa mweusi kabla hajataga yai la kwanza.

Miaka ile serikali ilikuwa imepiga marufuku majina ya ubatizo. Ikapiga marufuku tai, na kuitana monsieur na madame. Kila mtu alikuwa citoyen, yaani raia, hata mwizi wa kuku. Mkoa nao ulipewa jina jipya, ukaitwa Shaba. Watu wengi walinung'unika chini kwa chini kwa kunyang'anywa majina waliyopewa kanisani, lakini Mwenze alishangilia. Jina lake la Léonard alipewa na padri wa Kasungwe, na lilipofutwa aliona Kasungwe nzima imefutwa pamoja nalo. Akashona abakosti mbili, zile suti mpya zisizo na tai, ya kijivu na ya kahawia, akafunga skafu shingoni, akabandika beji ya chama kifuani. Mbele ya kioo alijiona mtu wa Lubumbashi tangu babu wa babu yake.

Ni kweli watoto wa shule walimcheka alipoletwa mjini akiwa mdogo. Walimwambia anakohoa moshi, walimwambia akilia machozi yake yanaandika kama penseli. Sawa, alichekwa. Nani hajachekwa? Wengine walichekwa kwa umaskini, wengine kwa miguu yao, wakakua, wakasahau, wakaenda makwao wakati wa likizo na sukari na chumvi. Huyu alikaa na kicheko kile tumboni mpaka kikamwozea. Mkataa kwao mtumwa, walisema wazee, na huyu alijiuza utumwani mwenyewe, bila mnunuzi.

Alipotaka kumwoa Laurentine, binti wa familia ya Kikatoliki ya watu wa reli, alitakiwa alete mjomba. Mjomba alikuwa naye, mzima wa afya, huko Kasungwe, kucha nyeusi na moyo mweupe. Mwenze hakumwita. Aliazima mjomba wa mwenzake wa kazini, mzee mmoja wa Likasi mwenye suti na meno mazuri, akamnywesha bia, akamfundisha la kusema. Hebu fikiria, mjomba wa kuazima! Na yule mzee aliifanya kazi yake vizuri mno. Alisimama mbele ya wakwe akamlilia marehemu dada yake, mama wa bwana arusi, machozi ya kweli yakamtiririka, wakati mama mwenyewe alikuwa hai Kasungwe anapalilia mihogo. Wakwe waliguswa. Laurentine aliingia katika ndoa akijua mama mkwe wake alizikwa Likasi.

Mama alipokufa kweli, miaka michache baadaye, habari ililetwa ofisini na fundi wa treni. Mwenze alimshukuru, akarudi mezani kwake. Jioni ile alimwambia Laurentine kichwa kinamuuma, akalala bila kula. Huo ndio ulikuwa msiba wa mama yake. Kilio cha siku nzima, matanga, kunyoa nywele, vyote alivimaliza kwa kidonge kimoja cha aspirini.

Kazi yake ilikuwa kutunza ramani katika ofisi ya kampuni moja ya madini ya serikali. Alianza huko kama mchoraji kijana, chini ya wazungu, na mkono wake ulikuwa mzuri, hilo hatumnyimi. Zamani zile ramani kubwa hazikuchorwa kwenye karatasi. Zilichorwa kwenye kitani chembamba kilichopakwa wanga mpaka kikakakamaa na kuangaza kama ngozi ya kitunguu, ili mstari wa chini uonekane juu. Ramani ya Kasungwe aliichora yeye. Mzungu alimwekea ile ya kale iliyochakaa chini, akalaza kitani juu, na Mwenze akafuata kila mkunjo wa kilima, akafuata kijito, akaweka vijumba vya kijiji, na karibu na kijito, kwa wino mwekundu, akaweka vimisalaba vya makaburi. Aliijua kila nyumba. Mzungu hakumwuliza kitu, naye hakusema.

Sasa sikia akina mama wa mji huu. Ni nani aliyegundua kwanza, haijulikani, lakini kila mke wa mtu wa ofisi ile alijua kwamba ramani ya kitani ukiichemsha kwenye sufuria na sabuni ya majivu, wanga unatoka, wino unaondoka nao, na kinachobaki ni kitambaa laini cheupe kisicho na mfano sokoni. Madukani hapakuwa na kitu. Basi watoto wa mtaa wa Katuba walipokea komunyo ya kwanza wamevaa milima na mito ya nchi nzima, na katika nyumba za wakubwa mtaani Golf vichwa vililala juu ya foronya zilizokuwa ramani za shaba. Citoyen Kapya, mkuu wa ofisi, alikuwa na foronya hizo kitandani kwake na mapazia sebuleni. Ni yeye aliyetoa amri: yale matambara ya wakoloni yatolewe, mashine mpya ya kupiga nakala inakuja, nafasi inatakiwa. Mashine haikuja. Lakini matambara yalitolewa, na aliyechagua nini kianze kutoka alikuwa Mwenze.

Alianza na droo ya makaa. Bila shaka! Droo za shaba hakuzigusa, za kobalti hakuzigusa. Droo ya makaa aliimwaga yote siku moja, akaikunja kwenye mfuko, akampelekea Laurentine. "Makala itamusaidia nani?" alisema, akajiona mtu mwenye akili nyingi. Laurentine alichemsha. Kitani cha Kasungwe kilimsumbua: wino mweusi ulitoka mara moja, lakini mwekundu ulikuwa mkaidi. Alichemsha tena, akasugua, akaanika juani, na bado pembeni vimisalaba vilibaki, hafifu kama mashavu ya mtoto mwenye homa. Hakuna mama anayetaka gauni ya komunyo yenye madoa. Alikikunja, akakiweka chini kabisa ya sanduku. Mwenze alikiona siku ile kinaning'inia kwenye kamba. Alikitambua, akageuza uso, akaingia ndani.

Msimu wa kiangazi uliofuata Mama Nkandu alitokea Kasungwe. Huyu alikuwa dada mkubwa wa mama yake Mwenze, yaani mama yake wa pili, mwanamke mrefu, mkavu, mwenye vumbi la makaa kwenye mikunjo ya shingo ambalo sabuni ya dunia hii haiwezi kulitoa. Alikuja kwa treni akiwa amekaa juu ya kifurushi chake njia nzima. Alipofika mlangoni pa ofisi aliita kwa nguvu: "Léonard! Mutoto yangu!" Mwenze alisikia jina lile akahisi joto limempanda mpaka masikioni. Alitoka mbio, akamshika mkono, akampeleka nyuma ya jengo karibu na mapipa ya taka.

"Mama mukubwa, hapa hatuitane vile," alinong'ona.

"Basi nitakuita namna gani? Hiyo njo jina yako." Mama Nkandu alimtazama skafu, akamtazama beji, akaacha. Hakuja kwa hayo. "Sikiya. Mashini ilifika. Inakula kilima. Bakubwa ya mugodi banasema pale hapakukuwa muji, hapakukuwa makaburi, ni pori tu. Banasema, kama iko ramani ya zamani yenye kuonyesha makaburi, batageuza mashini, itaishia ku kijito. Kama haiko, batachimba mupaka ku mwisho. Bazee baliniambia: Nkandu, weye uko na mutoto kule ku ramani, enda."

Mwenze alimeza mate. Leo hakuyatema.

"Na bakichimba?" aliuliza.

"Bakichimba, tutabatosha mu makaburi bantu yetu siye benyewe, mbele mashini ifike. Unajua desturi. Hatuwezi kubeba mifupa ya muntu mu mufuko sawa mihogo. Kila muntu atafungwa mu kitambaa mweupe yenye haiyavaliwa, na mutoto wake njo ataileta kwa mukono yake. Kama muntu hakuzala, dada yake analeta." Akamshika kidole kama anavyoshikwa mtoto. "Lakini haitafika pale. Mama yako alilala pale vizuri. Weye tafuta ramani."

"Nitatafuta," alisema Mwenze.

Mwongo mkubwa! Alijua iko wapi. Iko chini ya mashuka nyumbani kwake, bila kilima, bila kijito, bila jina, vimisalaba vitupu. Alimwambia mama arudi kesho, na kesho alimwambia kesho. Hakumkaribisha nyumbani. Mama Nkandu alilala kwa masista wa parokia, na kila asubuhi alikuja kukaa kwenye benchi la veranda, mgongo wima, kifurushi miguuni. Mwenze alipita mbele yake akiangalia saa yake ya mkono, ambayo haikuwa ikitembea.

Citoyen Kapya ndiye aliyechoka kwanza. Tumbo lake lilikuwa linajua saa ya chakula kuliko saa yoyote ya ukutani, na benchi lile lilikuwa kwenye njia yake ya kwenda kula. Akamwuliza yule mama shida yake ni nini, akaambiwa yote, akamwingiza ofisini kwake, akamwita Mwenze.

"Citoyen, huyu mama anasema iko ramani ya Kasungwe."

"Tulitafuta, shefu. Haionekane."

Kapya alikohoa, akatazama dirisha. Foronya zake zilimjia akilini, na hakutaka mtu yeyote atafute sana ramani yoyote. "Sawa, ilipotea. Bintu binapoteaka. Lakini si weye njo uliichora? Jina yako iko mu registre ya ramani. Mimi sina shida. Sema tu kama makaburi iko, nitaandika, nitapiga muhuri, mambo imeisha, mama anarudi kwake, na miye ninaenda kula."

Ndivyo ilivyokuwa rahisi. Hakutakiwa kuchora upya, hakutakiwa kukiri wizi, hakuna aliyetaka kumfukuza. Sentensi moja tu. Mama Nkandu alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye treni, na meno yake yaliyokuwa yamesalia yakaonekana.

"Njo vile," alisema. "Atakuambia, bwana. Huyu ni mutoto ya dada yangu. Mama yake eko mule mule mu yale makaburi."

Kapya aligeuka polepole. Uso wote ukafunguka kwa furaha, kama mtu aliyeokota kitu njiani. "Namna gani? Mwenze? Citoyen Mwenze ni muntu ya makala?" Akapiga meza. "Mwenye anatemaka mate ku reli?" Kule chumba cha pili mashine ya kuandikia ilinyamaza, kisha kikasikika kicheko cha makarani, kwanza kidogo, kisha bila aibu.

Kilikuwa kile kile. Miaka yote imepita na kicheko kilikuwa kile kile cha watoto wa shule. Mwenze alisimama pale jasho likimloanisha skafu. Alimwona mama yake, kweli alimwona, anampangusa masikio vumbi la makaa kwa pembe ya kitenge kilicholowanishwa mate, siku ile alipopandishwa treni kuja mjini, na yeye analia kwa sababu anasugua mno. Aliona aibu, tena aibu ya haki, ikamchoma kama mwiba. Ingemfaa nini? Mwiba wa kicheko ulichoma zaidi.

"Shefu," alisema, na sauti yake ilikuwa safi kama ya msomaji wa redio, "miye ni muntu ya Likasi. Huyu mama simujue. Na pale Kasungwe niliyochora, hapakukuwa makaburi. Ilikuwa pori."

Kicheko kilikatika. Kapya aliinua mabega, akachukua kofia yake. Kwake yote yalikuwa sawa, alimradi yamekwisha. Mama Nkandu hakupiga kelele, hakulaani, hakuvua kitambaa cha kichwa kama wanavyofanya mama wengine wakitaka kulaani. Alimtazama Mwenze kuanzia viatu mpaka skafu, kama mnunuzi anavyotazama samaki aliyekaa sana sokoni. Kisha aliinama akachukua kifurushi chake.

"Pole, bwana," alimwambia Mwenze. "Nilikosea muntu."

Wiki zile zilizofuata Mwenze alikula vizuri, hata alinenepa. Alijiambia wafu hawana macho. Alijiambia serikali inahitaji makaa, treni zinahitaji makaa, nchi lazima iendelee. Aliendelea kutema kwenye reli, ila sasa alitema kwa haraka na kuvuka bila kungoja wenzake, na karani mmoja akizungumza nyuma yake kwa sauti ya chini alidhani ni yeye anayesemwa. Mara nyingi ilikuwa ni yeye. Walimpa jina, Citoyen Pori, na jina hilo halikuhitaji amri ya serikali ili lishike.

Siku moja alirudi nyumbani jua likiwa bado juu. Bukari, ule ugali wetu, ilikuwa mezani, na samaki wa kukauka, na mboga ya lengalenga. Laurentine alikuwa na moyo mzuri, kama mtu aliyefanya jambo jema na anataka kulisimulia. Alimnawisha mikono, akakaa mbele yake.

"Leo mama moya alifika hapa," alisema. "Ku soko balimwambia Laurentine wa Katuba eko na bitambaa mweupe. Mama wa kule mbali, ku mugodi ya makala. Wee, alinisikitisha! Banachimba ku makaburi yabo, mashini inakuya, sasa banatosha bantu yabo mu makaburi benyewe. Anatafuta kitambaa ya dada yake."

Mwenze aliacha tonge kwenye sahani.

"Sikuwa na kingine, bingine byote bantu balishaka kubeba," aliendelea Laurentine. "Nilimupatia ile ya chini mu sanduku, ile yenye misalaba haikutoka. Nilimwambia, mama, unisamehe, iko na madoa. Akaifungua, akaangalia ile misalaba sana, akasema haizuru, ku kaburi misalaba haiaribishe kintu. Sikukamata feza, hata likuta moya. Kwa mufu, unakamata namna gani?"

"Alisema nini ingine?"

"Hakusema mingi. Nilimupa maji akunywe. Akaona photo yako pale ku ukuta, yenye abakosti. Akasimama mbele yake, akaangalia, akaangalia. Nilidhani anakujua. Nikamuuliza, mama, unamujua bwana yangu? Akasema hapana."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanapigana kwa ajili ya tairi la baiskeli. Laurentine alimsogezea sahani ya samaki, akachagua kipande kizuri, akamwekea karibu.

"Kitu moya tu kilinishangaza," alisema. "Nilimuuliza, huyu dada yako, juu ya nini batoto yake habakuleta kitambaa? Si alisema kule kwabo mutoto njo analetaka? Akafunga ile kitambaa mu kifurushi yake, muzuri, polepole. Akaniambia dada yake hakuzala."